Uzi: Kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito kaa na mwanasaikolojia, na ukishapungua usimkimbie

Mnasihi_Temeke:

Wakuu salaam.

Nyuzi za kuweka puto na za upasuaji wa kupunguza uzito zimekuwa nyingi humu. Watu wanaulizana bei, kovu, nani alikwenda India, nani Uturuki, nani alihudumiwa hapa hapa nyumbani. Ni maswali ya haki. Ila habari ya akili haiulizwi, na mimi ndiyo kazi yangu. Ni mwanasaikolojia tiba. Nakaa na wagonjwa hawa kabla hawajaingia chumba cha upasuaji, na nakaa nao baadaye, uzito ukishashuka na watu wameshaacha kuwapongeza.

Nina jambo moja, mengine yote ni maelezo yake. Kikao na mwanasaikolojia si mtihani wa kufaulu ili upate saini. Na hatari kubwa ya akili haiko wiki ile ya upasuaji, iko mwaka wa pili na wa tatu, wakati ambao wengi hawana tena mtu wa kuongea naye.

Kwanza tuelewane kinachofanyika. Kwenye slivu daktari anaondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, kinabaki kitu kama mrija. Kwenye baipasi anatengeneza kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Puto si upasuaji, linaingizwa tumboni na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Ile sehemu inayoondolewa kwenye slivu ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ndiyo maana miezi ya mwanzo watu wanashangaa hawasikii njaa kabisa.

Njaa ya tumbo inatulia kweli. Sasa yule aliyekuwa anakula kwa upweke, au kwa hasira asiyoweza kuisema, au kwa sababu saa nne usiku watoto wakishalala ndio muda wake pekee wa kupumua siku nzima? Hiyo haikatwi na kisu. Anaamka na tumbo dogo na sababu zilezile za kula, huku kile kilichokuwa kinamtuliza kimeondolewa ghafla. Nimeona watu wakilia kwa ajili ya chakula kama wanavyolia msiba, na wanaona aibu kusema. Si aibu. Kama sahani ndiyo iliyokubeba miaka ishirini, kuiacha kunauma.

Kuhusu kikao chenyewe, wengi wanaingia wamejipanga: "sina msongo, nyumbani amani, sinywi, silii." Nawaelewa, kwetu ukiambiwa uende kwa watu wa akili, jina la kwanza linalokuja kichwani ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Wanaogopa nikiandika neno moja baya, safari yao imekufa.

Haiko hivyo. Nauliza unakula lini, na nani, na ukiwa peke yako inakuwaje. Je, kuna wakati unakula hadi unaumia na huwezi kujizuia? Unajitapisha? Pombe je? Unatumia dawa gani? Nani anapika nyumbani kwako, na nani anajua unachokwenda kufanya? Ukishapungua unategemea nini kibadilike? Hili la mwisho nalikazia sana. Anayejibu "nataka magoti yapone na sukari ishuke" na anayejibu "mume wangu ataacha michepuko" wote nawasikiliza, ila huyu wa pili tuna kazi zaidi ya kufanya, kwa sababu upasuaji hauna uwezo juu ya michepuko ya mtu mwingine.

Na lipo lingine ambalo linataka utulivu. Baadhi ya wanawake, na wanaume pia, uzito ulianza baada ya kuumizwa kingono utotoni. Mwili mkubwa ukawa ngao, ukazuia macho ya watu. Kilo zikishuka yale macho yanarudi, wanaume wanaanza kupiga miluzi barabarani, na mtu anapata hofu ambayo haelewi imetoka wapi. Anaweza kuanza kula tena ili ajifiche, bila hata kujua ndicho anachofanya. Huyu akinieleza mapema tunajiandaa. Akinificha, hofu inamkuta peke yake.

Ninaowaomba wasubiri kwanza ni wachache: mwenye mawazo ya kujiua sasa hivi, mwenye pombe au dawa za kulevya zilizomshika, anayejitapisha, mwenye ugonjwa mkubwa wa akili ambao haujatibiwa. Wanasubiri watibiwe, kisha wanarudi. Sonona peke yake haikufungii mlango. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulikuta kwamba kati ya watu wanaotaka upasuaji huu asilimia 19 wana sonona na asilimia 17 wana tatizo la kula kwa pupa wasiloweza kulizuia. Na haukupata ushahidi wa wazi kwamba hao wanapungua kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo ukiniambia ukweli hupotezi kitu.

Karibuni kwa maswali.

---

Mzee_wa_Pugu:

Dada yangu, kwa heshima zote. Sisi tumekua tunakula ugali na mlenda, tunatembea kwa miguu, vibonge hawakuwepo. Mtu afunge mdomo, aache chipsi na soda, atapungua. Sasa tumetoka kwenye kufunga mdomo tumefika kwenye kisu, na kwenye kisu tunaongeza na mshauri. Mimi naona tunawadekeza.

---

Mnasihi_Temeke:

Shikamoo mzee wangu. Hilo la chipsi na soda nakubaliana nawe kwa kijana ambaye ndiyo kwanza anaanza kunenepa.

Lakini wenye kilo 140, karibu wote ninaowaona wameshafunga mdomo mara nyingi kuliko mimi na wewe. Wanapungua kilo kumi, mwili unapandisha njaa na kupunguza matumizi ya nguvu, kilo zinarudi na nyongeza. Ni mwili unavyojilinda, hauna uhusiano na tabia mbaya. Wasweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia waliofanyiwa upasuaji na wenzao wanene ambao hawakufanyiwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha vifo vilikuwa vichache kwa waliofanyiwa. Ni tiba, kama tiba nyingine.

Na haya maneno ya "funga mdomo" ndiyo wanayoingia nayo ofisini kwangu. Wameambiwa na walimu, mashemeji, makondakta wa daladala. Kikao cha kwanza mara nyingi kinakwisha tukiwa bado tunaondoa aibu hiyo, hata hatujafika kwenye upasuaji.

---

Mama_Nasra:

Mimi nilifanya slivu, sasa ni mwaka wa tatu. Sijawahi kuandika humu kuhusu hili, leo naandika.

Nilikofanyiwa, kikao cha mwanasaikolojia kilikuwa dakika chache, fomu ya ndiyo na hapana, nikasaini. Nilidanganya kila mahali na hakuna aliyeshtuka.

Miezi ya mwanzo nilikuwa juu. Nguo zinapwaya, magoti hayaumi, napanda ngazi bila kuhema. Halafu nikaenda harusi Tanga. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote wa upande wetu. Shangazi yangu aliponiona alinishika mkono, akanivuta chumbani, akaniuliza kwa kunong'ona kama natumia dawa zangu vizuri. Alidhani nina virusi. Alikuwa anatetemeka kwa kunipenda. Nikashindwa kusema kweli, nikashindwa kukana. Nje wameshaanza: amekwisha, mumewe kamletea. Wakati nilikuwa na afya kuliko siku zote za maisha yangu.

Na kila meza nikifika, "mbona huli, pilau yetu hujaipenda?" Kwetu ukikataa sahani umemkataa mtu. Nikila kijiko cha ziada natapika chooni na narudi natabasamu.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia: kwenye kioo bado namuona yule wa zamani. Dukani nachukua saizi kubwa. Kwenye daladala najibana nikidhani namjaza jirani. Na ngozi. Mikono na tumbo vimening'inia, nazima taa mume wangu akija. Nilidhani nikipungua nitajipenda siku hiyohiyo.

Mwaka wa pili nilianza kula vitu laini kidogo kidogo siku nzima, aiskrimu, karanga za kusaga, biskuti kwenye chai. Vinapita vizuri, havitapishi. Kilo zikaanza kurudi na nikaacha kwenda kliniki kwa sababu niliona nitawaangusha. Hapo ndipo nilipozama. Nashukuru dada yangu mmoja alinishika akanipeleka kwa mshauri. Bado naenda.

---

Mnasihi_Temeke:

Mama Nasra, asante sana kwa kuandika. Wapo watakaosoma hapa usiku bila kuchangia na watajiona ndani ya maneno yako.

Naomba wengine mtazame alipoacha kwenda kliniki. Aliacha hasa pale alipohitaji kwenda, kwa sababu aliona kliniki ni mahali pa kupimwa kama amekuwa mtu mzuri. Hilo ni kosa letu sisi watoa huduma, tumewazoesha kupigiwa makofi kwenye mizani. Kurudi kwa kilo kadhaa baada ya mwaka wa pili ni jambo la kawaida sana kitabibu. Na kule kula kidogo kidogo siku nzima kunatibika, tunakaa tunatafuta saa inayoanzia na hisia iliyotangulia.

Kuhusu siri: simshinikizi mtu atangaze. Ila chagua mapema angalau watu wawili wa kuwaambia ukweli, mmoja wa nyumbani na mmoja wa ukoo atakayekusemea ukiwa haupo. Kule Tanga angekuwepo mtu wa kumwambia shangazi, "mwache, yuko kwenye tiba, ni mzima."

Na kwa wale wa meza za sherehe, tunafanya mazoezi kabisa kwenye kikao, namna ya kupokea sahani, kusifia, kula vijiko vyako na kumpa mtoto iliyobaki. Mwingine anaweza kuona ni jambo dogo, lakini nimeona mtu akikwepa misiba ya ndugu zake kwa kuogopa sahani.

---

Kijana_wa_Likoni:

Niko Mombasa. Kakangu alifanyiwa baipasi Nairobi. Alikuwa mtu wa bia mbili wikendi, hana shida. Sasa hivi anakunywa kila siku, na glasi moja tu inamlewesha. Mamangu anasema amerogwa kwa sababu amependeza. Hii inahusiana ama ni mambo yake tu?

---

Mnasihi_Temeke:

Pole, ndugu yangu. Inahusiana.

Baada ya baipasi pombe inapita haraka kwenda kwenye utumbo na kuingia kwenye damu kwa kasi, inapanda juu zaidi kuliko zamani kwa kiasi kilekile. Slivu nayo ina athari hiyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliofuata watu 1,945 ulikuta wenye tatizo la pombe walikuwa asilimia 7.6 mwaka mmoja kabla ya upasuaji, wakawa 7.3 mwaka wa kwanza baada yake, kisha 9.6 mwaka wa pili. Angalia hapo. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili ndio unapanda. Na waliofanyiwa baipasi walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko waliowekewa mkanda wa kubana mfuko wa chakula.

Upande wa akili, mtu aliyetuliza moyo kwa chakula anatafuta kingine. Wapo wanaokwenda kwenye pombe, wapo wa kubeti, wapo wa kununua vitu bila kipimo.

Mwambie mama kwa upole kwamba hakuna aliyemroga. Kakako arudi kwa timu iliyomfanyia, aseme wazi anakunywa kiasi gani. Kama anakunywa kila siku asiache ghafla peke yake nyumbani, kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka na hata degedege, asimamiwe na daktari.

---

Daktari_wa_Zamu:

Naongeza ya upande wetu, kwa sababu mengine yanaonekana ni ya akili na kumbe ni ya mwili.

Mtu anayetapika mfululizo wiki za mwanzo anaweza kuishiwa vitamini B1. Akianza kuchanganyikiwa, macho kucheza, kuyumba anapotembea, msiseme ana msongo, wala msimpeleke kwenye maombi kwanza. Mkimbizeni hospitali, na mwambieni daktari amefanyiwa upasuaji wa tumbo, maana B1 inatakiwa ichomwe kwenye mshipa kabla ubongo haujaharibika moja kwa moja. Upungufu wa B12 na madini ya chuma nao unaleta uchovu, kusahau na huzuni. Vidonge vya vitamini ni vya maisha.

La pili, dawa za sonona. Baada ya baipasi baadhi hazinyonywi vizuri kama zamani, hasa zile zilizotengenezwa ziachie dawa polepole tumboni. Mtu aliyekuwa ametulia anaanza kushuka na anadhani amepoteza imani. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, ndiyo kabisa, kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda hadi sumu mtu akipungukiwa maji, apimwe damu mara kwa mara. Usiache dawa mwenyewe, na usikubali kupasuliwa na mtu asiyejua unatumia nini.

La tatu kwa akina dada. Uzito ukishuka mayai yanarudi kupevuka, na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifanye kazi ipasavyo baada ya baipasi. Tunashauri mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Nimeona mimba zisizotarajiwa zikija katikati ya mwaka wa kwanza, na mzigo wa mawazo unakuwa mara mbili.

---

Mjomba_Kagera:

Mimi ni mume. Mke wangu anataka kwenda India kufanya hiyo slivu, BMI yake, kile kipimo cha uzito kwa urefu, imepita 40 na ana presha. Hela tumeshapata. Nimesoma hapa hadi nimeogopa. Mnasihi, nimzuie? Na hizo habari za watu kuachana baada ya mke kupungua ni za kweli au za mitandaoni?

---

Mnasihi_Temeke:

Usimzuie, mkuu. Kwa BMI hiyo na presha, anastahili tiba. Ninachopigania ni asiende akiwa peke yake kichwani.

Za kuachana zina ukweli ndani yake. Wasweden walichapisha mwaka 2018: waliofanyiwa upasuaji ambao walikuwa wameoa au kuolewa waliachana zaidi kuliko wenzao, na waliokuwa peke yao walipata wenza zaidi. Nikitazama ofisini kwangu, ndoa iliyokuwa na heshima inavuka. Inayotetereka ni ile ambayo mmoja alikuwa anavumilia kwa kudhani hana pa kwenda, kisha akapata sauti. Au mume ambaye alimzoea mke asiyetoka, sasa anatoka, anacheka na watu, na yeye anaanza kumpekua simu.

Wewe ufanye nini? Usiwe polisi wa sahani yake. "Umekula nini leo" ikisemwa kila jioni inageuka upelelezi. Muulize amelalaje, ametembea, ana nini moyoni. Usimlinganishe na picha zake za zamani mbele ya wageni. Akilia bila sababu wiki za mwanzo kaa naye, mwili unabadilika kwa kasi na homoni nazo. Na nyumbani mbadilishe chakula wote, isiwe yeye anakunywa supu ya kuchuja huku mezani kuna sambusa.

Shida kubwa ya kwenda nje ni kurudi. Anapasuliwa, anakaa siku chache, anapanda ndege, na timu yake imebaki bara jingine. Kabla hajaondoka mpate hapa mtu wa lishe, daktari, na mwanasaikolojia au mnasihi ambao wameshamuona na wana taarifa zake. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, si lazima Dar. Atakaporudi apangiwe miadi ya mwaka wa kwanza, na aendelee hadi wa pili na wa tatu hata kama anajisikia vizuri.

---

Mzee_wa_Pugu:

Marahaba binti. Nimesoma ya Mama Nasra mara mbili. Swali langu la dhati: huo mwaka wa pili na wa tatu unaousema, una ushahidi gani zaidi ya pombe?

---

Mnasihi_Temeke:

Upo, mzee, na ni mzito, nauandika kwa tahadhari.

Ontario, Kanada, walifuatilia wagonjwa 8,815, wakalinganisha miaka mitatu kabla ya upasuaji na miaka mitatu baada yake. Waliofikishwa hospitali kwa dharura ya kujidhuru waliongezeka kwa takriban nusu baada ya upasuaji, na mengi ya matukio hayo yalikuwa mwaka wa pili na wa tatu. Zaidi ya asilimia 90 ya matukio hayo yalikuwa ya watu waliokuwa na historia ya ugonjwa wa akili kabla. Ni wachache mno kati ya maelfu, 111 tu, kwa hiyo asitishike mtu akaacha tiba inayomfaa. Lakini ni watu tuliokuwa tunawajua, historia yao ilikuwa kwenye faili. Wangeweza kufuatiliwa.

Ndiyo maana nasema ukweli kwenye kikao cha kwanza una thamani. Ukiniambia uliwahi kufikiria kujiua, naandika jina lako kwenye orodha ya watu nitakaowapigia simu mwakani, hata usipokuja.

Na wenye ndugu aliyefanyiwa, mkimuona anajitenga, anagawa vitu vyake, anasema nyie mtakuwa salama bila mimi, muulizeni moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Kisha msimwache peke yake, mpelekeni hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.

---

Mama_Nasra:

Nathibitisha. Mimi niliulizwa hivyo na dada yangu, jikoni, na ndiyo siku nilipojibu kweli kwa mara ya kwanza.

---

Mjomba_Kagera:

Mrejesho mfupi. Nimempa mke wangu simu asome uzi wote. Amekaa kimya, halafu akaniambia kuna jambo la zamani hajawahi kuniambia na hayupo tayari kuniambia mimi, ila yupo tayari kumwambia mtaalamu. Safari tumeisogeza mbele kidogo. Anauliza, siku ya kikao aje na mimi au peke yake?

---

Mnasihi_Temeke:

Mpe hongera zake, na wewe kwa kutomlazimisha. Njooni wote wawili, na popote mtakapokwenda ombeni utaratibu huu: sehemu ya kwanza mtaalamu anakaa naye peke yake, na atakachosema hapo hakitoki bila ruhusa yake. Wewe utaitwa baadaye kwa yale atakayokubali uyasikie. Abebe dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, za presha, za usingizi, hata za mitishamba.